Tapeli wa kadi alivyoitaka asali ya harusi yangu, Mpanda miaka ya tisini

Wakuu salamu zenu. Na nyie mnaosoma kimyakimya bila kuacha hata like, nanyi pia salamu zenu.

Juzi nimesoma uzi wa dada mmoja humu ambaye kadi yake imetumika kununua viatu nchi ambayo hajawahi kufika. Pole sana dada. Ila nilivyousoma nikajikuta natabasamu, kwa sababu mchezo huohuo ulinifuata mimi Mpanda, enzi ambazo kupiga simu Dar ilikuwa unavaa vizuri na kwenda kupanga foleni posta.

Mke wangu yuko hapa pembeni anachambua mchele. Ameniambia nikiongeza chumvi atachukua simu anisahihishe mwenyewe, kwa hiyo mtakachosoma kimepita kwenye ukaguzi.

Twende.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa fundi redio Mpanda mjini. Nilipanga chumba Ilembo, kibanda changu kilikuwa jirani na soko. Katavi haijawa mkoa bado, tulikuwa Rukwa. Kazi ilikuwepo, redio za wakati ule zilikuwa zinaharibika kwa heshima, fundi unakula.

Mimi ni Msukuma, wazazi wangu walihamia huko na ng'ombe. Nikampenda binti wa Kikonongo, Yustina, wa Kasokola. Ndiye huyu anayechambua mchele.

Baba yake, Mzee Anatoli, alikuwa mrina asali. Mizinga yake ilikuwa porini huko ndani, anakwenda wiki, anarudi na madumu na alama za kuumwa usoni. Mzee mbishi ambaye sijapata kuona mfano wake. Ukimwambia leo kuna jua, anatoka nje kuangalia kwanza.

Mahari ilishapita, ng'ombe walishafika Kasokola, padri alishaanza kututangaza kanisani. Kilichobaki ni sherehe. Na sherehe yote ilikuwa inasubiri kitu kimoja, asali ya msimu ule.

Mzee alikuwa ameiweka yote stoo. Sehemu ni ya kupikia wanzuki, ile pombe ya asali, maana kwao binti kuolewa bila wanzuki ni kama ametoroka. Sehemu nyingine iende Tabora kwa treni ikauzwe, hela inunue mchele, nyama na nguo za maharusi. Asali ikiwepo, harusi ipo. Asali isipokuwepo, mimi na Yustina tutasubiri nyuki wafanye kazi upya.

Sasa hapo ndipo mkwe mtarajiwa, mimi, nikajifanya mjanja.

Nilikuwa na rafiki yangu wa shule, Fidelis, Mfipa. Alikuwa Dar, kwenye duka la vinyago wanakonunua watalii. Huyu jamaa alikuwa ananipigia simu posta kila akipata nafasi ya kutumia simu ya bosi wake. Siku moja akaniambia duka lao lina tovuti.

Nikamuuliza tovuti ndio nini. Akanieleza. Mimi kama fundi redio nikasema nimeelewa, kumbe sijaelewa kitu.

Nilichoelewa ni hiki. Mzungu akiwa kwao anaona picha ya kinyago kwenye kompyuta, anaandika barua pepe, anataja namba za kadi yake ya benki. Fidelis anapiga simu benki anazisoma zile namba, benki ikijibu approved, biashara imekwisha. Hakuna kuonana, hakuna kushika noti.

Nikamwambia Fidelis, weka na asali.

Akacheka, Wafipa hucheka polepole. Lakini akaweka. Mstari mmoja tu chini ya picha za vinyago, kwamba ipo asali ya porini kutoka magharibi mwa Tanzania.

Wakuu, haikupita muda mrefu nikaitwa posta. Fidelis anahema. Kuna mteja.

Mteja alijiita Mr. Collins. Anaitaka asali. Yote.

Hakuuliza bei ya dumu moja. Hakuuliza ni ya miti gani, nyeusi au nyeupe, mbichi au iliyochujwa. Hakuuliza tunafungashaje. Aliuliza mnayo kiasi gani, akaambiwa, akasema nachukua yote, bei mliyotaja ni sawa, Mungu azibariki familia zenu.

Nyie mliokulia sokoni mnajua. Mtu akikubali bei ya kwanza unajisikia vibaya kidogo, unaanza kujiuliza kama ungetaja kubwa zaidi. Mimi sikujisikia vibaya. Nilijua tu Wazungu hawabishani bei, nikamsifu kwa ustaarabu wake.

Kadi ya kwanza aliyotuma ikakataliwa na benki. Akaomba radhi, akatuma nyingine. Ikapita. Jina la kwenye kadi iliyopita lilikuwa la mwanamke, Margaret, anwani yake Uingereza. Collins akasema ni mama yake mzazi, wanafanya biashara pamoja. Mimi na Fidelis tukakubaliana kwamba familia yenye kadi nyingi kiasi hicho ni familia yenye uwezo. Tena mtoto anayefanya kazi na mama yake, huyo kalelewa vizuri.

Ila mzigo hautakwenda kwa mama. Utakwenda kwenye godauni, nchi nyingine kabisa.

Na kuna jambo dogo. Wakala wake wa usafirishaji hapokei kadi. Kwa hiyo tukate kwenye kadi hela ya asali na ya wakala pia, halafu hiyo ya wakala tumrushie sisi kwa njia ya haraka, mara tu mzigo ukifika Dar.

Mnaosoma leo najua mmeshashika vichwa. Sisi tuliona ametuamini. Mtu hajawahi kutuona, anatukabidhi na hela ya mtu mwingine. Fidelis alisema maneno ambayo namtania nayo mpaka leo, kwamba "huyu bwana hana roho ya kutuhumu watu".

Ni kweli hakuwa nayo. Tuliotakiwa kutuhumu ni sisi.

Basi nikapanda baiskeli mpaka Kasokola.

Nilimkuta Mzee Anatoli anashona mzinga wa gome la mti. Nikaamkia, "Mwangaluka baba," kama anavyopenda, akaitikia bila kuinua macho. Nikakaa. Nikaeleza habari ya kompyuta, ya Ulaya, ya dola. Nikamalizia na methali, fuata nyuki ule asali.

Mzee akasema, "Sasa hapo nyuki ni nani?"

Nikaeleza upya, safari hii taratibu. Kwamba asali yote itanunuliwa mara moja, kwa bei ambayo Tabora hawajawahi kuitaja. Kwamba wanzuki tutapika kwa asali ya kununua kwa watu, na hela itabaki.

Yustina alikuwa anasikiliza kutoka jikoni. Akapita na ndoo, akanisemesha kwa sauti ya chini baba yake asisikie. "Ukiipoteza ile asali, kanisani nenda peke yako. Mimi utanikuta Usevya kwa mama mdogo, nalima mpunga."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Mzee alifikiri sana. Mwisho akasema sawa, atauza. Ila mteja aonje kwanza.

Hapa niwaeleze wasiojua. Kwa Mzee Anatoli asali haikutoka stoo bila kuonjwa. Mnunuzi anapewa kigoda, anapewa kijiti, anachovya, anaramba, halafu anakunja uso hata kama ni tamu kuliko zote ili bei ishuke. Akishaonja mbele ya watu hana ruhusa ya kurudi kesho kusema ilichanganywa na maji ya sukari. Na anayeonja ni yule mwenye kutoa hela. Ukimtuma mdogo wako aje kuonja kwa niaba yako, ataramba, atashukuru, atarudishwa mikono mitupu.

Nikamwambia, "Baba, mteja yuko Ulaya."

Akasema, "Asali si inasafiri? Mpelekee chupa."

Nikaeleza kwamba mteja ana haraka, kwamba Wazungu hawana mambo hayo, kwamba ameshakubali. Mzee akaendelea kushona mzinga wake. Akaniuliza swali moja tu, hela inatoka mfukoni kwa nani, kwa huyo Collins au kwa mama yake. Nikasema kadi ni ya mama.

"Basi mama ndiye aonje."

Wakuu, nilirudi Ilembo nimenuna. Nilijiona nina mkwe wa kunirudisha porini. Dunia imeshaingia kwenye kompyuta, yeye anataka bibi wa Kizungu arambe kijiti.

Lakini bila yeye stoo haifunguliwi. Na siku zile kubishana na baba mkwe kabla ya ndoa ni kujitafutia mkosi, hasa ukiwa Msukuma mgeni kwenye ukoo wa watu. Nikampigia Fidelis anipe anwani ya yule mama kama benki walivyoitaka. Akanisomea herufi moja moja, dakika za simu zinaisha, namsikia na yeye anaona aibu.

Bahati kulikuwa na sista mmoja muuguzi wa misheni, Mwingereza, anakwenda kwao likizo. Nilikuwa nimewahi kumtengenezea redio. Nikampa chupa ndogo, imefungwa vizuri kwa kitambaa na Yustina mwenyewe. Juu nikabandika karatasi yenye Kiingereza changu cha sekondari, kwamba hii ni asali uliyoagiza, tafadhali onja utuambie kama umeridhika. Chini nikaandika namba ya simu ya duka la kina Fidelis. Sista akasema ataiposti akifika kwao.

Treni ikaondoka na sista na chupa. Mimi nikabaki na kazi ya kumtuliza Collins.

Hapo sasa ndipo rangi zilipoanza kutoka.

Mwanzoni Fidelis alimwandikia tu kwamba kuna ucheleweshaji kidogo wa treni. Collins akajibu kwa upole, ndugu zangu, fanyeni haraka, meli inaondoka. Baada ya siku chache upole ukapungua. Akaandika kwamba tunamharibia biashara. Akatuma namba za kadi nyingine ya tatu, jina jingine tena, akasema tukate zaidi kama shida ni hela, ila ya wakala irushwe leo.

Fidelis akamwomba namba ya simu waongee. Akasema yuko safarini, simu haishiki. Kila siku safarini, ila barua pepe zinaingia saa zote.

Mimi nikiambiwa haya yote pale posta nilikuwa namlaumu mkwe wangu. Kweli kabisa. Nilimwambia Fidelis huyu mzee atatukosesha. Nilikuwa nimeshaota suti.

Mwisho Fidelis akachoka kudanganya, akamwandikia ukweli. Akamwambia mzigo bado uko Mpanda, mwenye asali hatoi mpaka anayelipa aonje, na chupa ya kuonja imeshatumwa kwa mama yako kwenye anwani ya kadi.

Jibu lilikuja upesi kuliko yote. Fidelis aliniita kwa simu ya dharura, nikaacha redio ya mtu imefunguliwa mezani nikakimbia.

Akanisomea. Hapakuwa na ndugu zangu wala Mungu awabariki. Collins anauliza nani kawaambia mtume kitu kule. Msiwasiliane na ile anwani. Msiandike, msipige simu, msitume chochote. Kisha matusi.

Nikamwomba anisomee tena, na laini ile ilikuwa inalipiwa.

Akasoma tena, halafu akasema. "Kaka, mtu gani anakataza mama yake kupelekewa asali?"

Sijui niwaelezeje. Nilikuwa sijui bado ni nini hasa kinaendelea, ila nilijua kwamba huyu mama si mama yake.

Tukakubaliana hakuna kutuma hela ya wakala, hakuna kusogeza hata dumu moja. Nikarudi kibandani nikashindwa kumalizia ile redio. Kilichonitisha zaidi ilikuwa Kasokola. Kama ile asali ingekuwa imeshaondoka, ningemwambia nini Yustina?

Halafu simu ya Uingereza ikalia kule dukani.

Fidelis anasema alipokea akasikia sauti ya bibi, ya taratibu, inauliza hapa ndipo kwa watu wa asali. Akasema ndiyo. Bibi akajitaja kwamba yeye ni Margaret, amepata kifurushi cha posta.

Akasema, "Mimi sijaagiza asali yoyote."

Kisha akaongeza.

"Lakini nimeonja."

Fidelis anasema alishindwa kujua aombe radhi au ashukuru. Bibi akaendelea kwamba ni tamu sana, ina harufu ya moshi kidogo, na angependa kujua ni nani amemtumia zawadi nzuri namna ile na kwa nini karatasi inasema ameagiza. Hana mtoto anayeitwa Collins. Hana biashara. Ni mwalimu mstaafu anayekaa na paka wake.

Ndipo Fidelis akamweleza kuhusu kadi yake.

Bibi wa watu hakuwa anajua. Alikuwa hajafungua karatasi za benki za mwezi ule. Akazifungua akiwa palepale kwenye simu, akaanza kusoma kwa sauti, na hela ya asali yetu ikawa imekaa katikati ya vitu vingine ambavyo hakununua. Akasema ngoja nikate simu nipigie benki.

Sasa wakuu, hapa nisimame kidogo nieleze, maana watu wengi hata leo wanaliwa hapahapa.

Ile approved ya benki ina maana ndogo sana. Ina maana kadi ipo, ina salio, na mwenyewe hajalalamika bado. Haina maana kwamba anayetaja namba ndiye mwenye kadi. Tapeli anaiba namba tu, kadi yenyewe inabaki kwenye mkoba wa bibi, na bibi anaendelea kulisha paka.

Mwenye kadi akija kugundua, analalamika benki kwake, na benki inairudisha hela kwa kuichomoa kwa muuzaji. Kitaalamu wanaita chargeback. Wakati huo muuzaji mzigo ulishaondoka. Na kama ulirusha hela kwa wakala, ile ilitoka mfukoni mwako mwenyewe, hairudi, kwa sababu wakala ni tapeli yuleyule kabadili kofia.

Nadhani Collins asali yetu hata hakuwa na shida nayo sana. Alichotaka ni ile ya wakala. Asali ingefika angeiuza, isingefika basi. Ndio maana hakuuliza nyeusi wala nyeupe. Kwa nini uulize ladha ya kitu ambacho hukitaki?

Kwetu sisi benki iliichomoa hela kwenye akaunti ya duka kama nilivyowaeleza. Ila ilikuwepo, haijaguswa, na asali ilikuwa stoo Kasokola, haijaguswa. Bosi wa Fidelis alifoka kutwa nzima, akafuta ule mstari wa asali kwenye tovuti, maisha yakaendelea. Collins hakuandika tena.

Ikabaki kazi ya kumweleza baba mkwe.

Nilikwenda Kasokola nimejipanga. Nikaeleza kila kitu, nikiwa nimekaa chini, kwamba yule mteja alikuwa mwizi na kwamba mila yake ya kuonja ndiyo imetuokoa sote. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Nilipomfikishia maneno ya bibi kwamba ni tamu, ina moshi kidogo, akakunja uso.

"Moshi kidogo? Ile ni ya maua ya mti wa mtundu. Haina moshi. Mwambie aonje tena."

Hilo ndilo lililomuuma, wakuu. Habari ya mwizi ilipita tu.

Harusi ikafungwa. Wanzuki ilikuwepo ya kutosha, mpaka wajomba zangu walioleta ng'ombe wa mahari wakaanza kuimba nyimbo za Kikonongo wasizozijua. Asali iliyobaki ilipanda treni ikauzwa Tabora kwa bei ya Tabora, kwa mnunuzi aliyeonja, akakunja uso, akabishana, akaomba na nyongeza juu. Sijawahi kufurahi kubishana bei kama siku ile.

Kwenye sherehe mzee alipokwisha kuchangamka nilimfuata nikamshukuru tena, nikamwambia baba una hekima. Akaniangalia, akanivuta sikio karibu.

"Mwanangu, kuonja ni mila kweli. Ila ya kumpelekea mtu chupa mpaka Ulaya, hiyo niliitunga. Nilikuwa nakuchelewesha. Sikutaka asali ya mwanangu iliwe na watu nisiowajua."

Kwa hiyo msije mkasema mzee alijua habari za kadi. Hakujua chochote. Alikuwa mbishi, na safari ile ubishi ulilipa.

Sista aliporudi kutoka likizo alikuja kibandani na bahasha ndogo. Ilitoka kwa yule bibi. Ndani mlikuwa na kijiko kidogo cha chai, cha fedha, cha zamani, na kadi ya kutupongeza. Ameandika kwamba kijiti kinaweza kumchoma mtu mdomo, basi wateja wetu waonjee hiki. Anwani ya sista ilikuwa nyuma ya kifurushi, bibi akamwandikia, na sista ndiye alikuwa amemsimulia.

Tangu hapo nilimtumia chupa kila sista alipokwenda likizo, mpaka mwaka ambao ilirudi na habari kwamba bibi amefariki. Nililia kidogo siku hiyo, kwa mtu ambaye sikuwahi kumuona.

Sasa nifunge na mafunzo, kwa maneno ya fundi redio.

Mteja asiyejali bidhaa, shtuka. Anayekubali bei bila kubisha, anachukua vyote na ana haraka ya ajabu, shtuka zaidi, kwa sababu anataka uanze kukimbia kabla hujafikiri. Kadi ikikataa akatoa nyingine, halafu nyingine yenye jina la mtu mwingine, huyo hana familia kubwa, ana daftari la namba za watu. Mzigo unakwenda kusiko na mwenye kadi, jiulize. Na mtu akikulipa zaidi halafu akakuomba umrushie mtu wa tatu kinachozidi, funga duka kwanza uende ukanywe chai.

Na nyie wenye kadi, fungueni hizo taarifa za benki. Siku hizi zinakuja kwenye simu, hamna kisingizio. Ukiona muamala usioujua, hata uwe mdogo, piga simu benki siku hiyohiyo, maana wengi huanza na kidogo kupima kama upo macho. Namba za nyuma ya kadi usimtajie anayekupigia wewe. Mpigie wewe benki.

Kubwa kuliko yote ni lile aliloling'ang'ania mzee kwa ubishi wake, anayelipa ndiye aonje. Kabla mali haijatoka mkononi mwako, mtafute mwenye hela mwenyewe, kwa njia yako, si kwa njia uliyopewa na anayekuharakisha. Nina kaduka ka asali mtandaoni siku hizi na sheria hiyo haijabadilika. Mteja mpya anapigiwa simu, mzigo mkubwa unatanguliwa na chupa ndogo. Wengine wanaona ushamba. Matapeli ndio huwa wanaona ushamba zaidi, wanapotea wenyewe.

Karibuni mchangie, hasa mliowahi kukutana na kina Collins wa kizazi hiki. Na kama kuna Mkonongo humu, atuambie ile mila mwisho wake wapi, maana mimi mpaka leo sijui mzee aliongeza kiasi gani.

EDIT: Mkuu mmoja ameuliza kijiko bado kipo. Kipo. Kimepinda kidogo, watoto walifukulia nacho udongo, lakini wateja wanaofika nyumbani wanaonjea hichohicho.

EDIT ya pili: Mama watoto amemaliza mchele, amesoma uzi wote. Anasema nimewaficha sehemu moja tu. Kwamba siku Fidelis aliponipigia kunieleza maneno ya yule bibi, nililia palepale kwenye kibanda cha simu posta, watu wa foleni wakaanza kunipa pole wakidhani nimefiwa, nami nikazipokea zote kwa sababu nilishindwa kuanza kueleza habari ya kadi.

Haya. Ni kweli nililia. Harusi yangu ilikuwa bado ipo.